Ile namba ya bahari kupanda mpaka mwaka 2100 isomwe hivi

Hapa Bagamoyo watu wakishajua kazi yangu ni mambo ya bahari swali ni moja tu, mji utazama lini. Tarehe haipo jamani. Ripoti ya 2021 ya IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, sio kama utabiri wa mvua wa TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, wao wametoa njia kadhaa, yaani dunia ikimwaga hewa ukaa kiasi hiki basi bahari itapanda kiasi hiki. Kufika 2100 njia ya hewa ukaa kidogo kabisa inatoa sm 28 mpaka 55, ile mbaya kabisa sm 63 mpaka mita 1.01, na hapo wamehesabu kutoka wastani wa 1995 hadi 2014, sio kutoka leo, hiki kinawapita wengi.

Kinachonikera mi ni mtu anachukua namba ya katikati afu anachorea ukuta. Hiyo renji inabeba kama theluthi mbili ya uwezekano, kilichobaki kiko nje, na huko juu ndo kubaya manake barafu ya Antaktika ikianza kubomoka kwa kasi hesabu zinabadilika, IPCC wenyewe wanasema hewa ukaa ikiwa nyingi sana hata karibu mita 2 mwaka 2100 huwezi kuifuta. Kibanda cha kukaangia samaki tumia ya katikati, maji yakija unahamisha. Gati hapana.

Mpaka 2050 njia zote zinakaribiana, sm 20 hivi, maana bahari inameza joto taratibu na kutanuka kwake hakusimami leo wala kesho. Baada ya hapo ndo zinaachana, na 2300 usiseme, njia mbaya ni mita 1.7 mpaka 6.8.

Sasa utasikia "sm 20 kitu gani, maji yetu ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanapanda na kushuka mita 3". Sawa, ila hizo sm 20 zinakaa juu ya bamvua! Nenda ufukweni asubuhi baada ya bamvua kubwa uone ule mstari wa mwani mkavu, vifuniko vya chupa na vipande vya nyavu, pale maji yanapofika mara chache kwa mwaka yatakuwa yanafika mara kwa mara bila dhoruba yoyote, na visima vya karibu navyo vinavuta chumvi.

Kwa hiyo mkiletewa mchoro kwenye kikao cha mtaa ulizeni umehesabiwa kutoka mwaka gani, kwa njia ipi, na umewekwa juu ya bamvua au juu ya maji ya wastani. Hilo la mwisho ndo wanalolisahau sana.