Lile povu si uchafu

Nimeletewa tena swali lile lile, safari hii na picha juu yake: "Fundi, nimemwagia vigae vya zamani tindikali kama nilivyoelekezwa, vimetoa povu jingi, uchafu wote umetoka. Sasa rangi imepauka. Nipake vanishi gani irudi kama zamani?"

Hakuna. Vanishi ya kurudisha kigae kilichokwisha yeyuka haipo. Kinachonikera ni kwamba imani hii inasambazwa na mafundi wenzangu, watu wenye mwiko mkononi, wanaomwambia mwenye nyumba kuwa povu likitoka ujue dawa inafanya kazi. Inafanya kazi kweli. Inakula sakafu.

Kwanza ujue una kigae gani, maana katika nyumba kuukuu kuna familia mbili zinazochanganywa kila siku. Ipo ya saruji, ile yenye maua na nyota za rangi, ambayo haijawahi kuona tanuri. Rangi zilimiminwa moja moja ndani ya kalibu ya chuma, nyuma yake ikajazwa saruji na mchanga, ikagandamizwa kwa shinikizo zito, kisha kigae kikaachwa kikomae kwenye unyevu. Vigae hivi vilionyeshwa Paris kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1867, na baadaye vikasambaa pande nyingi za dunia. Rangi yake ni tabaka la milimita 3 au 4 hivi, basi. Familia ya pili ni udongo uliochomwa. Hapa jina utakalosikia ni Minton wa Stoke-on-Trent, Uingereza. Samuel Wright alisajili hataza mwaka 1830 ya kutengeneza vigae ambavyo nakshi yake ni udongo wa rangi uliojazwa ndani ya udongo mwingine, na Herbert Minton akaingia kwenye kazi hiyo na kuikuza mpaka vigae vyake vikatandikwa katika Capitol, jengo la bunge la Marekani, Washington.

Vikishafunikwa na polishi ya miaka mia, aina zote mbili zinafanana: kahawia iliyofubaa. Tafuta kigae kilicholegea ukigeuze. Cha saruji ni kinene, yapata sentimita 2, mgongo wake ni wa kijivu na wenye chembe za mchanga, na ukikitazama ubavuni utaona mpaka kati ya rangi na saruji. Kilichochomwa kwa kawaida ni chembamba zaidi, kikigongwa kinalia kwa sauti kali, na mara nyingi mgongoni kina muhuri wa kiwanda. Kama hakuna kilicholegea, tia tone moja la siki mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango kwa mfano. Tone liwe juu ya uso wa kigae, si kwenye kiungo, kwa kuwa viungo vya chokaa vitatoa povu hata kama kigae ni cha udongo. Likichemka, futa mara moja kwa maji: una saruji, au pengine jiwe la marumaru. Lisipochemka, huenda umepima nta badala ya kigae. Kwangua nta kwanza, urudie.

Sasa hilo povu. Saruji ina chokaa ndani yake, na kadiri inavyokaa hewani miaka kwa miaka chokaa hiyo hugeuka kalisi kaboneti. Vumbi la marumaru lililochanganywa kwenye rangi nalo ni kalisi kaboneti. Imwagie asidi hidrokloriki, yaani hiyo tindikali, inaachia gesi ya kaboni dioksidi. Unachokitazama kikichemka kwa furaha ni kigae chenyewe kikigeuka gesi na maji ya chumvi. Nta, mafuta, masizi na polishi havitoi povu kwenye tindikali wala haviyeyuki humo. Vinaondoka kwa sababu ngozi ya kigae vilikoshikilia imeondoka, navyo vimefuatana nayo.

Subiri sakafu ikauke uone. Inama, laza tochi sakafuni mwanga upite juu juu. Uso uliokuwa laini sasa una chembechembe, na kingo za maua zimekuwa butu. Pitisha kidole: kinarudi na unga mwekundu au wa bluu, kwa sababu rangi za madini bado zipo lakini saruji iliyozishika haipo. Deki ya kwanza itachukua nyingine, ya pili itachukua nyingine tena. Halafu kuna baki lisiloonekana. Tindikali ikishakula chokaa inaacha kalisi kloridi ndani ya vitundu vya kigae, na chumvi hiyo inavuta unyevu kutoka hewani. Ndiyo maana wengine wanalalamika kuwa tangu wasafishe, sakafu ina mabaka meusi siku za mvua na haikauki vizuri. Wanamlaumu fundi bomba.

Aliyekwisha mwaga hana mengi ya kufanya: suuza kwa maji safi, nyonya, suuza tena, siku baada ya siku, kisha iache ikauke kwa wiki kadhaa. Kama tabaka la rangi limebaki nene, unaweza kuusawazisha uso kwa diski laini za almasi, kwa maji. Hapo vitabu vinaandika kana kwamba kila kitu kinapimika. Mimi hupapasa. Unene wa lile tabaka haulingani hata ndani ya kigae kimoja, na huwezi kuupima bila kung'oa, kwa hiyo kila ninaposaga kuna kiasi cha kubahatisha, na mwenye nyumba namwambia hivyo kabla mashine haijawashwa.

Najua atatokea mtu aseme: vyangu ni vya udongo, tindikali haivili. Uso wake, kweli, hauumii sana. Viungo je? Na kitanda cha chokaa kilicho chini? Tena udongo mwingi wa rangi una chuma ndani yake, na tindikali ikikivuruga unapata madoa ya manjano ambayo hukuwa nayo asubuhi. Nakubali matumizi mamoja tu: saruji ya ukarabati iliyogandia juu ya kigae kilichochomwa. Hapo natumia asidi sulfamiki iliyozimuliwa sana, sakafu nzima ikiwa imeloweshwa kwanza ili viungo vinywe maji visinywe asidi, kisha nasuuza mara kwa mara. Dawa za kutu zenye asidi hidrofloriki usizisogeze hata mlangoni: zinakula kigae kilichochomwa na zinaweza kumuua mtu. Na usichanganye tindikali yoyote na dawa ya klorini, gesi yake ni sumu.

Usafishaji wenyewe hauna siri, nitaupitia haraka. Maji ya vuguvugu, sabuni isiyo kali, brashi ya nailoni, kipande kidogo kwa wakati. Iache sabuni ikae, sugua, kisha nyonya maji machafu kabla hayajakauka. Sehemu kubwa ya "madoa sugu" ninayoitiwa ni maji machafu yaliyoachwa yakanywewa tena na kigae. Nta kuukuu itoe kwa kiyeyushi chake, siyo kwa waya wa chuma, ambao huvunjikia kwenye viungo na kuota kutu. Gundi nyeusi ya zulia au ya vigae vya plastiki isikwanguliwe ikiwa kavu wala kusagwa mpaka ipimwe, maana gundi nyingi za zamani zina asbesto.

Vigae vilivyolegea: piga picha, andika namba nyuma, chora ramani. Kinacholia uwazi kikigongwa lakini hakichezi, kiache. Nimeona vigae vizima vikivunjwa kwa tindo ili "kuvikaza", na aliyevikaza akatoa risiti. Mbadala wa kilichovunjika utafute kwanza chini ya kabati la nyumba hiyo hiyo.

Nirudi kwenye vanishi, kwa sababu swali la mwenye ile picha lilikuwa hilo. Nyumba nyingi za zamani hazina karatasi ya plastiki chini ya sakafu. Unyevu wa ardhini unapanda, unapita kwenye viungo na vigae, unatoka hewani, na sakafu imeishi hivyo tangu ilipotandikwa. Funga juu kwa vanishi, maji yatafika chini yake na kukwama pamoja na chumvi zake. Chumvi zinaganda kuwa fuwele chini ya utando na kusukuma. Kwanza unaona ukungu mweupe, halafu utando unainuka kama ngozi iliyoungua, na ukiubandua unakuja na rangi ya kigae.

"Lakini nilipima unyevu." Kwa kile kipima chenye sindano mbili? Kipima hicho kinasoma jinsi umeme unavyopita, na chumvi zinapitisha umeme vizuri sana. Sakafu iliyomwagiwa tindikali itasoma unyevu mwingi hata ikiwa imekauka vya kutosha. Mimi hubandika kipande cha plastiki kwa utepe wa karatasi wenye gundi pande zote, nakiacha usiku kucha na zaidi, naangalia kama kuna jasho chini yake. Si kipimo cha maabara, na kinaweza kunidanganya wakati wa kiangazi ardhi inapokuwa imekauka.

Cha kupaka baada ya hapo kinanigawa. Kizibo kinachopenya ndani na kuacha mvuke upite kinalinda vizuri penye mapito, lakini kikishaingia hakitoki, aliyekikosea amekikosea. Nta nyembamba inatoka ukitaka, ila inahitaji kurudiwa na inashika vumbi, na hakuna mwenye nyumba anayependa kusikia neno "kurudiwa". Kwenye ukumbi wa kuingilia nimeelemea kizibo, vyumbani nta, na sina hoja ya kumshinda fundi anayefanya kinyume.

Kwa deki ya kila siku, maji na tone la sabuni isiyo kali vinatosha. Wanaoongeza siki au limau ndani ya ndoo ili "kukata mafuta" wanamwaga tindikali ile ile, ila taratibu, na kwenye sakafu ya saruji utaiona hesabu yake baada ya miaka michache pale miguu inapopita sana.