Eti diski ya mwisho kwenye kebo ndio masta? Hapana jamani

Nimeletewa tena kompyuta ya zamani, mwenyewe anasema diski zote mbili zimekufa siku moja. Yaani zimekubaliana kabisa! Nafungua kava, diski mbili kwenye kebo moja ya IDE (ule utepe mpana wa data wa kompyuta za zamani), jampa (kile kiplastiki kidogo cha kuunganisha pini nyuma ya diski) zote ziko masta, yaani kila diski inajiita ya kwanza. Nikahamisha jampa moja tu iwe slevu, yaani ya pili, diski zote zikaonekana. Kumuuliza, jibu ni lile lile nimelichoka: "si hii nimechomeka mwisho na ile katikati, kebo itajua yenyewe."

Kebo haijui kitu. Nafasi kwenye kebo inaamua nani masta nani slevu pale tu jampa za diski zote mbili ziko kwenye CS (cable select, yaani kebo ichague), na kebo yenyewe iwe ya aina hiyo. Kwenye kebo ya nyaya 80 pini ya 28 kwenye konekta ya katikati haijaunganishwa, kwahiyo diski ya pale haipati graundi (volti sifuri) kwenye hiyo pini inajihesabu slevu, ya mwisho inapata inakuwa masta. Sasa ukishaweka jampa masta diski haina habari na pini 28 tena, uichomeke popote itajiita masta tu, na mbili zikijiita masta zinajibu kwa pamoja BIOS (programu ya mazabodi inayotafuta diski ukiwasha) inachanganyikiwa, mara inaona moja, mara jina la herufi za ajabu, mara hamna kitu. Halafu mtu anaenda kutupa diski nzima!

Mimi CS hata siitumii, kebo nyingi za nyaya 40 haziielewi. Naweka jampa kwa mkono kufuata mchoro wa lebo ya diski, na soma kweli maana zipo Western Digital zenye mpangilio wa kukaa peke yake tofauti na wa masta.

Mengine haraka. Eti masta ina kasi kuliko slevu: uongo, wala haimwendeshi mwenzake, ni namba tu, 0 na 1. Eti kebo ya nyaya 80 ina pini 80: hapana, konekta ni ile ile ya 40, nyaya za ziada ni graundi za kuzuia signo zisiingiliane, bila hizo unabaki UDMA 33, yaani kasi ya megabaiti 33 kwa sekunde. Bluu inaenda mazabodi, nyeusi mwisho, kijivu katikati. Diski moja peke yake ikae mwisho, sio katikati, ule mkia unaoning'inia unarudisha signo.

Kugeuza kebo kwa kawaida hakuunguzi diski, inagoma kuonekana tu, mstari mwekundu ni pini 1 na mara nyingi unaangalia upande wa plagi ya umeme. Na ukichomoa shika konekta usivute utepe, nyaya zikikatikia ndani huzioni kwa macho.