Kifaa cha akiba cha dijitali kwenye ndege ndogo: "akiba" maana yake nini hasa?

Mtu akisikia kifaa cha akiba anafikiria tairi la spea, limelala huko nyuma linasubiri siku ya balaa. Kwenye ndege sivyo. Hiki kidude, kiskrini kidogo mbele ya rubani, kinawaka safari nzima, kinaonyesha yaleyale ya skrini kubwa ya vyombo vya ndege, na kazi yake ni mbili: kukushtua skrini kubwa ikianza kudanganya, na kubaki kinakuonyesha ndege imekaaje hewani, imeinama au iko sawa, siku skrini kubwa ikizima.

Hapo kwenye "imekaaje" ndo penyewe. Ukiwa ndani ya wingu huoni ardhi, na mwili nao haufai kuwa shahidi, maana kona ikiwa ya polepole maji ya sikio la ndani yanaizoea na unajiona uko sawa kabisa kumbe bawa moja limeshashuka. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichukua marubani 20 ambao hawajafunzwa kurusha kwa kutegemea vyombo, wakawaweka kwenye hali ya kuigiza ya kutoona nje, na wote 20 ndege iliwashinda, wastani sekunde 178. Dakika tatu hazijatimia.

Zamani kazi hii ilikuwa ya giroskopu, gurudumu dogo linalozungushwa na hewa inayovutwa na pampu ya vakyumu, na bado zipo ndege kibao za hivyo. Shida ya ile pampu inakufa kimyakimya. Gurudumu haligandi hapohapo, linapunguza mwendo taratibu, na ule mstari wa upeo, ule wa kwenye chombo unaoonyesha ardhi na mbingu zinapokutana, unaanza kuinama kama abiria anayesinzia kwenye basi, we nawe unaufuata ukidhani ndege ndo imeinama. Cha dijitali hakina cha kuzunguka, ndani kuna sensa ndogo sana zinazopima mzunguko na msukumo halafu kompyuta inapiga hesabu, na kikijua kimeharibika vingi vinakupigia alama nyekundu ya X usoni. Mi naona hiyo X peke yake ni sababu tosha ya kuhama, chombo kinachokiri kimekufa ni bora mara mia kuliko kinachokufa huku kinatabasamu.

Sasa kuchagua. Watu wanakimbilia rangi na ukubwa wa kioo, ila swali la kwanza ni hili: kitu gani kimoja kinaweza kuviua vyote viwili kwa mpigo? Kama skrini kubwa na ndogo zinakula umeme wa altaneta ileile, yaani jenereta ya injini, na ndogo haina betri yake, huna akiba, una skrini mbili. Garmin G5, moja ya hivi vifaa, ambayo ilipata kibali cha kufungwa kwenye ndege zenye cheti (si za kujitengenezea) mwaka 2016, inakuja na betri ya akiba ya hadi saa nne kwa mujibu wa kiwanda, lakini hiyo ni betri mpya, betri za lithiamu zinachoka na baridi nayo inazinyonya.

Umeme ukishaumaliza angalia na hewa. Zile sensa ndogo zina tabia ya kuteleza kidogokidogo kwenye hesabu, kwa hiyo vifaa vingi vinajisahihisha kwa kuazima kasi kutoka mrija wa pitoti, ule wa nje unaopima kasi kwa hewa inayoingia, au GPS. Kama skrini zote mbili zinategemea mrija mmoja na barafu ikauziba, zinaweza kukuonyesha kasi ya uongo kwa pamoja, na zikikubaliana ndo utaziamini zaidi. Air France 447, ndege kubwa ya abiria iliyoanguka mwaka 2009, ilikuwa na mirija mitatu na barafu ikaivuruga kwa wakati mmoja, sembuse kindege chenye mmoja. Kwa hiyo uliza kabisa, kasi ikipotea na GPS ikipotea, hiki kinabaki na nini?

Tableti iliyobandikwa kwenye kioo na kisensa chake ni nzuri kuwa nayo ila usiihesabu, jua likiipiga inapata moto inajizima. Makaratasi pia usiyaruke, ndege yenye cheti inataka kifaa chenye kibali kwa aina yake na fundi mwenye leseni, ya kujitengenezea ina uhuru zaidi.

Halafu kinakaa wapi. Vingi vimetengenezwa viingie kwenye tundu la kawaida la inchi 3 na moja ya nane, na tundu lililo wazi mara nyingi liko kulia kabisa, mbele ya abiria. Kugeuza kichwa ghafla ndani ya wingu huku ndege inapiga kona ndo njia rahisi ya kupata kizunguzungu, kwa hiyo ni afadhali uhamishe chombo kingine ukiweke hiki karibu na macho yako. Kikishafungwa, kaa kwenye kiti ndege ikiwa chini, funika skrini kubwa kwa karatasi, zima swichi kuu, anza kuhesabu dakika ukiangalia kile kioo kidogo kinakaa muda gani.