Sakafu ya mbao kwenye pikapu za zamani: dhana potofu na ukweli

Pikapu nyingi za Marekani za katikati ya karne iliyopita, kama Chevrolet 3100 iliyotoka 1947 hadi mwanzoni mwa 1955 na Ford F-100 ya 1953 hadi 1956, zilikuwa na sakafu ya mbao kwenye bodi ya mizigo. Mbao hulazwa kwa urefu wa gari juu ya mataruma ya chuma yanayokatiza chasisi. Kwenye kila maungio ya mbao mbili hulazwa mkanda wa chuma unaokandamiza kingo zote mbili, na boliti hupita kwenye mwanya ulio kati ya mbao hizo hadi kwenye taruma. Kwa hiyo ubao haukupigiliwa. Umebanwa, na una nafasi ya kuvimba na kusinyaa. Mengi yanayosemwa vibaya kuhusu kazi hii hutokana na kutolijua jambo hilo.

Dhana: Mbao ziliwekwa kwa sababu teknolojia ya chuma ilikuwa duni.

Viwanda hivyohivyo vilikuwa vikikunja mabawa na paa za chuma kila siku. Mbao zilibaki kwa sababu zilikuwa rahisi, mzigo hautelezi juu yake kama kwenye bati, hazibonyei zikiangukiwa na jiwe, na ubao mmoja ukivunjika unatoa huo tu. Kwenye Chevrolet za 1967 hadi 1972 sakafu ya mbao ndiyo iliyokuja na gari. Aliyetaka ya chuma aliagiza na kulipia zaidi.

Dhana: Sakafu halisi ni ya mwaloni unaong'aa vanishi, na mikanda iliyosuguliwa ikawa kama kioo.

Hiyo ni sakafu ya maonyesho. Inapendeza na hatuna ugomvi nayo, lakini Chevrolet haikuitoa hivyo kiwandani. Mbao zake zilikuwa za msonobari wa manjano wa kusini mwa Marekani, zikapakwa rangi: nyeusi katika baadhi ya miaka, rangi ya bodi katika mingine. Mikanda nayo ilipakwa rangi. Anayetaka gari lirudi lilivyokuwa anunue msonobari na kopo la rangi, na ataokoa pesa nyingi.

Dhana: Mwaloni ni mwaloni.

Kata kipande cha mwaloni mwekundu chenye urefu wa sentimita 5, chovya kichwa kimoja majini na upulize kwa nguvu kichwa cha pili. Utaona mapovu yakitoka majini, kwa sababu vishimo vya mti huo viko wazi toka mwanzo hadi mwisho. Fanya hivyo kwa mwaloni mweupe na hakuna kitakachopita, maana vishimo vyake vimezibwa na mti wenyewe. Ndiyo sababu mapipa ya mvinyo na mashua hutengenezwa kwa mweupe. Mwekundu uliowekwa nje unakunywa maji kupitia vichwa vya mbao na kuoza mapema.

Yote miwili ina tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya mti. Tanini ikikutana na chuma kitupu penye unyevu, ubao unapata madoa meusi kuzunguka kila boliti na chini ya kila mkanda, na madoa hayo hayatoki kwa msasa mwepesi. Paka rangi upande wa chini wa mikanda kabla ya kuilaza.

Kwa aliye Afrika Mashariki na gari la namna hii, mvule na mtiki ni chaguo zuri kuliko kuagiza mwaloni. Yote miwili inastahimili kuoza na haichezi sana ikibadilika hewa. Mvule una vijiwe vya chokaa ndani vinavyomaliza makali ya randa, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua, hivyo usiupige msasa bila barakoa. Mtiki una mafuta yake. Ufute kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka vanishi, la sivyo vanishi haitashika.

Dhana: Mbao zikishakaushwa kwenye tanuri zimetulia, kwa hiyo zibane pasiwe na mwanya.

Hapa ndipo sakafu nyingi mpya zinapoharibika. Ubao haukauki ukamaliza; unafuata unyevu wa hewa maisha yake yote. Mbao za fanicha huuzwa zikiwa na unyevu wa asilimia 6 hadi 8. Zikikaa nje chini ya paa la kawaida hupanda hadi kama asilimia 12, na pwani zaidi ya hapo.

Chukua ubao wenye upana wa milimita 140 na unene wa milimita 19, kipimo cha kawaida Marekani, uliopasuliwa kwa namna ya kawaida. Unyevu wake ukipanda kutoka asilimia 6 hadi 12, upana unaongezeka takriban hivi: mwaloni mweupe milimita 2.9, mwaloni mwekundu 2.4, msonobari wa manjano 2.1, mtiki 1.6, mvule 1.1. Sasa hesabu sakafu nzima. Bodi ya 3100 ina upana wa sentimita 127 ndani. Sakafu ya mwaloni mweupe iliyobanwa bila mwanya itataka kupanuka zaidi ya sentimita 2.5. Pa kwenda hapana. Itasukuma mbavu za bodi nje, itainua mikanda, au ubao wa katikati utabenuka na kupasuka kwenye mstari wa boliti.

Kwa hiyo acha mwanya kati ya mbao. Umefichwa chini ya mkanda, hauonekani, na maji hupita hapo kushuka chini. Kwa sababu hiyohiyo usiuzibe kwa silikoni. Silikoni itaachia upande mmoja baada ya majira machache, na maji yataingia bila njia ya kutoka.

Kabla ya kukata, zipange mbao mahali gari litakapokaa, ukitenganisha safu kwa vijiti ili hewa ipite pande zote, uziache wiki mbili au zaidi. Mbao zilizokaushwa Nairobi zikifungwa Mombasa siku hiyohiyo zitavimba zikiwa tayari kwenye gari.

Dhana: Mbao iliyotiwa dawa kiwandani ndiyo itakayodumu kuliko zote.

Itadumu yenyewe, lakini itakula chuma kilichoishika. Marekani iliacha kutumia dawa ya zamani yenye arseniki kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003, na nyingi za dawa zilizofuata zina shaba kwa wingi. Shaba ikiguswa na chuma penye unyevu, chuma ndicho kinacholiwa: boliti, mikanda na mataruma. Tena mbao hizo mara nyingi huuzwa zikiwa mbichi na dawa yake. Zikikauka zinapinda na kusinyaa hadi ukingo unatoka chini ya mkanda.

Dhana: Paka vanishi upande wa juu, chini hakuonekani.

Chini ndiko matairi yanakorusha maji. Ubao uliozibwa juu na ukaachwa wazi chini unavimba upande mmoja tu, kisha unabenuka. Paka pande zote sita kabla ya kufunga: juu, chini, kingo mbili na vichwa viwili. Vichwa hunyonya maji kwa kasi kubwa kuliko uso wa ubao, kwa hiyo vipe mikono mitatu ya mpako hadi vikatae kunyonya. Kila tundu utakalotoboa baadaye nalo lipakwe ndani.

Aina ya mpako nayo ina maneno mengi. Polyurethane, vanishi ya plastiki ya sakafu za ndani, ni ngumu mno. Ubao ukicheza inapasuka, maji yanaingia chini yake, inaanza kubanduka vipande vipande, na dawa yake ni kukwangua yote. Vanishi ya mashua ni laini zaidi na ina kinga ya mionzi ya jua. Mkono wa kwanza ichanganye nusu kwa nusu na tapentaini ili izame, kisha paka mikono minne kamili, ukipitisha msasa namba 220 kati ya mkono na mkono. Epoksi, mpako wa plastiki wa kuchanganya sehemu mbili, huzuia maji vizuri lakini jua huiharibu, hivyo inahitaji vanishi hiyo juu yake.

Kwa gari linalobeba mizigo kweli, sisi tunapendelea mafuta ya mbao badala ya vanishi. Hayabanduki, na kuyarudia ni kazi ya nusu siku. Usipitishe msasa zaidi ya namba 150 kabla ya kupaka mafuta, maana uso ukiwa laini mno unanyonya kidogo. Mafuta ya kitani yasiyochemshwa yaache: yanachelewa kukauka na yanaota ukungu. Na matambara yaliyofuta mafuta ya kitani au ya tung (ya kokwa za mti wa China) yasirundikwe kwenye ndoo. Hupata joto yenyewe na kuwaka moto. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yazamishe kwenye maji.

Dhana: Boliti za stenlesi zinamaliza habari ya kutu.

Inategemea zinashika nini. Boliti ndogo za stenlesi kwenye mikanda mikubwa ya chuma cha kawaida iliyopakwa rangi hazileti shida kubwa. Balaa ni kinyume chake: mikanda ya stenlesi iliyofungwa kwa boliti za kawaida zenye zinki. Hapo eneo kubwa la stenlesi linailazimisha boliti ndogo iliwe haraka ikilowa. Ukiweka mikanda ya stenlesi, boliti, nati na washa ziwe za stenlesi pia. Stenlesi kwa stenlesi hung'ang'aniana wakati wa kukaza hadi boliti inakatika, kwa hiyo paka grisi maalumu ya kuzuia kung'ang'ana na ukaze polepole kwa spana ya mkono.

Dhana: Ni kufungua za zamani na kufunga mpya.

Boliti hizi zina kichwa cha mviringo na shingo ya mraba inayokaa kwenye tundu la mraba la mkanda. Baada ya miaka mingi tundu limeliwa na kutu na boliti inazunguka na nati. Usipoteze siku nzima. Kata nati kwa grainda kutoka chini. Mbao za zamani zipe namba na uzitunze hata kama zimeoza, kwani ndizo zinazoonyesha mahali pa matundu makubwa ya boliti zinazoshika bodi kwenye chasisi.

Mbao zikishatoka, mataruma yanaonekana. Gonga kila moja kwa nyundo, hasa ncha zake na la nyuma kabisa chini ya mlango, ambako matope hukaa. Lililotoboka libadilishwe sasa. Kuchomelea kufanyike kabla hata ubao mmoja haujarudi. Angalia pia vipande vya mpira au mbao vilivyo kati ya mataruma na chasisi. Vikiwa vimesagika, bodi inakaa upande.

Kisha pima mishazari miwili ya bodi, kona hadi kona. Tofauti isizidi milimita 3. Funga mlango wa nyuma uone kama unaingia pande zote mbili bila kulazimishwa. Sakafu ikishakazwa bodi haitanyooka tena.

Panga mbao zote na mikanda yote kwanza bila kukaza boliti hata moja. Kwa matundu ya chasisi, toboa tundu dogo la milimita 3 kutoka chini kupitia tundu la taruma, kisha panua kutoka juu. Boliti ya milimita 8 ipewe tundu la milimita 10 kwenye ubao, ili ubao uweze kusogea. Toa mbao, ziba matundu kwa mpako, rudisha, na uanze kukaza katikati ukielekea mbele na nyuma, hadi mkanda ulale sawasawa juu ya ubao. Mashine ya kukazia ya hewa itaupinda mkanda.

Dhana: Tandika mpira juu, sakafu haitaguswa na maji.

Mpira unayafungia maji chini yake. Kama mzigo unahitaji mpira, utandike siku ya mzigo na uutoe jioni. Baada ya miezi mitatu ya kwanza pitia boliti zote tena kwa spana. Chache zitakuwa zimelegea. Mimina maji kidogo juu ya ubao: yakisimama kama matone, mpako bado uko kazini; yakienea na ubao ukageuka rangi, ni wakati wa kupaka tena.