Kuchagua chuo ukiwa kijana mkristo: tunayodanganyana na ukweli wake

Wiki iliyopita dogo mmoja wa pale kanisani kaja na barua mbili za kukubaliwa chuo, kazipanga mezani kama mtu anayeonesha karata. Moja ina nembo ya msalaba na Biblia iliyofunguliwa, nyingine ina gurudumu na kitabu tu. Kabla hajauliza chochote mama yake ashajibu, "hii ya msalaba". Nikamuuliza dogo kozi zenyewe zikoje, hajui. Mitihani inafanyika siku gani, hajui. Hosteli je, hajui. Anachojua ni nembo, na simlaumu, wengi wetu ndo tulivolelewa, chuo tunakichagua kwa kusoma kibao cha getini. Sa ngoja niyaandike haya ambayo nayasikia kila msimu wa maombi ya vyuo ukifika.

DHANA: Chuo cha kanisa kitailinda imani ya mtoto

Hii ndo kubwa lao. Mi nilisoma chuo cha kanisa, na kila Jumatano asubuhi kulikuwa na ibada ya lazima, karatasi ya mahudhurio inapitishwa benchi kwa benchi. Benchi la nyuma kabisa karibu na mlango wa pembeni ndo lilikuwa linajaa kwanza, unaingia, unasaini jina lako na la rumeti wako aliyelala hosteli, unasubiri pambio la pili watu wasimame, unateleza nje. Kuna siku nilisaini watu wanne kwa mkupuo mmoja, saini nne tofauti kabisa, nikatoka naona nimesaidia watu. Yaani tulikuwa tunafoji kumwabudu Mungu, na kwenye makaratasi ya ofisi chuo kizima tulikuwa watakatifu.

Na si mambo ya juzi haya. Pale chuo kikuu cha Oxford, Uingereza, miaka ya 1700 huwezi kupokelewa bila kusaini kwamba unakubali mafundisho ya Kanisa la Anglikana, na sharti hilo lilikuja kuondolewa 1854. Kwa hiyo ukihesabu kwa saini kila mwanafunzi pale alikuwa mkristo safi. Lakini kuanzia 1729 ndugu wawili, John na Charles Wesley, na wenzao wachache walipoanza kukutana kusoma Biblia, kufunga na kwenda kuwaona wafungwa, walichekwa na wanafunzi wenzao hao hao waliosaini, wakapachikwa majina ya utani, na moja ya majina hayo ndo limebaki mpaka leo, Wamethodisti. Watu walichekwa kwa kuwa wakristo ndani ya chuo cha wakristo!

Sisemi vyuo vya kanisa havina maana, hapana. Kwenye chuo changu kile kile alikuwepo lekchara wa takwimu ambaye kipindi kikiisha alikuwa anabaki darasani, ukiwa na swali la hesabu unauliza na ukiwa na swali la maisha unauliza, na mpaka leo nikipata jambo zito huwa najiuliza yule mzee angesemaje. Ila alikuwa mtu yule, haikuwa nembo. Na vyuo vyenyewe vinatofautiana sana, kuna ambavyo mwalimu haajiriwi bila kukiri imani, kuna ambavyo kanisa ni mmiliki tu ila wanafunzi na walimu ni wa kila dini na wasio na dini, kuna ambavyo utasainishwa kanuni za maadili zinazokufuata mpaka likizo. Zisome kabla hujalipa, maana watu wanasaini bila kusoma alafu mwaka wa pili ndo wanaanza kulia wameonewa.

DHANA: Harvard na wenzake walianzishwa na wachungaji kwa hiyo bado ni vya kikristo / vyuo vikubwa vyote ni vya dunia toka mwanzo

Nimeziweka pamoja maana nilizisikia zote mbili kwenye semina moja, ya kwanza asubuhi na ya pili mchana. Harvard ya Marekani ilianzishwa 1636, jina imelipata kwa mchungaji, John Harvard, aliyewaachia vitabu vyake na nusu ya mali zake. Yale 1701, Princeton 1746, zote zina mikono ya wachungaji. Oxford mpaka leo nembo yao ina maneno ya kilatini ya mwanzo wa Zaburi ya 27, Bwana ni nuru yangu. Sa nenda kaangalie leo, ni vyuo vya watu wote, anayeamini na asiyeamini wanakaa dawati moja. Msingi ni historia, we unaenda kuishi na waliopo sasa hivi.

DHANA: Chuo kisicho cha dini kinaua imani

Hapa wazee huwa wanasahau Biblia yao wenyewe. Danieli na wenzake watatu walipelekwa Babeli, wakasomeshwa miaka mitatu elimu na lugha ya Wakaldayo, wakabadilishwa hadi majina, kwa gharama za mfalme mpagani. Na hawakugoma shule! Walichokikataa ni chakula cha mfalme, wakaomba wajaribiwe siku kumi, na mwishoni mfalme alipowahoji akawakuta wanawazidi waganga na wachawi wake wote mara kumi. Musa naye Matendo 7 inasema alifundishwa hekima yote ya Wamisri, sio nusu.

Kuna anayeitwa Francis Collins, aliyeongoza mradi wa kusoma jeni za binadamu uliokamilika 2003. Huyu aliingia udaktari haamini kama kuna Mungu. Imani aliipata akiwa anasomea udaktari kwenye chuo cha umma, North Carolina huko Marekani, na alipoanzia ni mgonjwa mmoja mwanamke wa moyo aliyemweleza imani yake alafu akamgeuzia swali, na wewe daktari unaamini nini? Kijana akakosa jibu. Akaja kuamini akiwa na miaka 27, na ujue ni huko huko ambako wengine tunaogopa kupeleka watoto.

Lakini tusidanganyane pia, kuna wanaoenda chuo na imani wakarudi bila. Mi niliowaona kwa macho yangu hawakushindwa kwenye mdahalo na profesa, hiyo ni ya kwenye filamu. Ilikuwa hivi: Jumapili ya kwanza kachoka na safari, ya pili hajajua kanisa liko wapi, ya tatu ana asaimenti, ya nne kashazoea kulala. Basi, hakuna aliyemtukana wala kumbishia Mungu wake, alilala tu. Ndo maana dogo akiniuliza chuo gani huwa namuuliza kwanza utasali wapi Jumapili ya kwanza, na kuna nani pale unayemjua. Vikundi vya wanafunzi wakristo vipo karibu kila mahali, Cambridge walianza umoja wao 1877, na mwaka 1947 vikundi vya nchi kadhaa vikaungana kuwa IFES, ambayo leo imefika nchi zaidi ya 150. Kwa hiyo kusema chuo cha serikali hakuna wakristo ni uvivu wa kuulizia.

DHANA: Ukimpenda Mungu kweli soma theolojia

Theolojia kasome kama umeitwa huko, sio kwa sababu umekosa pointi za kozi nyingine. Mtu wa kwanza ambaye Biblia inasema alijazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi ni Bezaleli, Kutoka 31, na alikuwa fundi: dhahabu, mawe, mbao. Luka alikuwa tabibu. Paulo aliyekaa miguuni pa Gamalieli kujifunza sheria ndo huyo huyo alikuwa anashona mahema ili ale. Na wale wanaosema sayansi ni ya wasioamini, Mendel aliyegundua kanuni za urithi kwa kupanda njegere alikuwa mtawa, na Lemaître aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka alikuwa padri. Hapa sina la kuongeza.

DHANA: Mungu kakuandalia chuo kimoja tu, ukikosea umeharibu maisha

Hii inawatesa watoto wa watu jamani. Nimekutana na binti hajala siku tatu, anafunga anasubiri ishara, na dirisha la maombi ya vyuo linafungwa kesho yake. Wanaegemea sana ngozi ya Gideoni, ile ya kondoo aliyoitumia kumwomba Mungu ishara, ila ukisoma Waamuzi 6 vizuri Gideoni alikuwa ashaambiwa cha kufanya, ngozi ilikuja kwa sababu alikuwa na wasiwasi. Alafu na ule mstari unaoandikwa kwenye kila kadi ya mahafali, Yeremia 29:11, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi". Ule ni barua kwa watu waliopelekwa uhamishoni Babeli, mji ule ule aliosomea Danieli, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyeomba kwenda. Mistari ya juu yake wameambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wauombee mji huo amani, maana mtakaa miaka sabini. Ahadi imetolewa kwa watu walio sehemu ambayo hawakuichagua, sa we na vyuo vyako viwili vizuri unaogopa nini? Omba, uliza watu waliokutangulia, chagua, na ukikuta kozi haikufai kuhama kozi sio dhambi.

DHANA: Nenda tu, Mungu atalipa ada

Aliyesema ukitaka kujenga mnara kaa kwanza uhesabu gharama ni Yesu mwenyewe, Luka 14. Hesabu ada ya miaka yote, sio ya muhula wa kwanza, weka hosteli, vitabu, mafunzo kwa vitendo, na kama ni mkopo uliza unaanza kurejeshwa lini na riba ikoje, Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye.

Na hapa ndo kuna hasira yangu: ithibati, yaani kutambuliwa rasmi na mamlaka inayosimamia vyuo. Kuna vyuo vimebandika neno la kiroho kwenye jina na havina ithibati yoyote, wazazi wanaona aibu kuuliza maana mwenye chuo ni mtumishi. Uliza! Na usiishie kwenye chuo, uliza na kozi, sababu chuo kinaweza kuwa na ithibati alafu kozi yako ya uuguzi au sheria au uhandisi ikawa haitambuliwi na bodi ya taaluma husika, unamaliza na cheti ambacho hakikupi leseni. Jibu usilichukue kwa karani wa udahili, lichukue kwa mamlaka yenyewe na bodi yenyewe.

Ya haraka haraka: wewe Msabato uliza ratiba ya mitihani ya Jumamosi kabla, sio wiki ya mitihani. Na wanaochagua chuo kwa sababu kwaya yake ina wachumba wazuri, nawajua, siwataji.

Yule dogo bado hajaamua, mwisho wa kuthibitisha ni Ijumaa. Jana kapiga simu kile chuo cha nembo ya gurudumu kuulizia haya mambo, ofisi hawapokei, ikapokelewa namba ya getini, na mlinzi. Akaona aibu kukata akamuuliza tu, eti hapo kuna wanafunzi wanaosali? Mzee wa watu akaguna, akamwambia wapo, kila Ijumaa wanaimba ukumbi namba mbili mpaka nawafukuza saa nne usiku, wabishi sana hao.