Je, wajua kwa nini programu ya kompyuta iliyoandikwa kwa lugha ya RPG inaweza kukubadilishia namba?

Pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, mchuuzi wa dagaa anaandika uzito wa magunia kwenye daftari lake. Kijana wa hesabu akitaka uzito wa gunia fulani, mchuuzi anaweza kumnakilia kwenye kikaratasi, au akamkabidhi daftari lenyewe. Kikaratasi akikichora atakavyo, daftari liko salama. Akifuta kwenye daftari, uzito umefutika.

RPG, lugha ya IBM iliyoanza mwaka 1959 kwa kazi ya kuandaa ripoti, isipoambiwa vingine hukabidhi daftari. Parameta, yaani thamani ambayo sehemu moja ya programu huipa nyingine, inapopitishwa, kinachokwenda ni anwani ya mahali namba ilipo kwenye kumbukumbu.

Tuseme uzito ni kilo 40. Unaita prosija (kipande cha programu chenye kazi yake) ya kukokotoa bei, nayo ndani yake inatoa kilo 1 ya gunia tupu moja kwa moja kwenye parameta ile. Bei inatoka sawa. Ila uzito wako sasa ni 39! Ukiiita tena kuhakiki, itakokotoa kwa 38. Hakuna ujumbe wa kosa, na ndiyo maana hitilafu hii hula siku nzima ya mtu.

Mbona basi ikapangwa hivyo? Anwani ni ndogo hata kama rekodi yenyewe ina maelfu ya herufi, na kwa njia hiyo hiyo aliyeitwa hurudisha majibu.

Ukitaka kikaratasi, andika VALUE kwenye parameta. Hilo ni la prosija tu. Programu nzima ikiitwa na nyingine, VALUE haikubaliki. Mimi napendelea CONST, na ningependa kila anayejifunza aanze nayo: kompaila, yaani programu inayotafsiri ulichoandika kwa lugha ya mashine, inamzuia aliyeitwa kuandika juu ya parameta, halafu unaweza kupitisha hata hesabu kama uzito + 5, kwa kuwa kompaila yenyewe hutengeneza nakala ya muda inapohitajika.

Kwenye programu za zamani za CALL na PARM (amri za kuita programu nyingine na kutaja parameta zake) uwe macho zaidi, maana hapo hakuna anayelinganisha ukubwa. Mwitaji ametenga namba ya tarakimu 5 iliyofungashwa (tarakimu mbili kwa baiti, na nusu baiti ya mwisho ni ya alama ya chanya au hasi), yaani baiti 3. Aliyeitwa anaichukulia kuwa ya tarakimu 7, baiti 4. Akiandika jibu, baiti ya nne inaangukia kwa jirani, pengine kwenye jina la mteja, na wewe bado unakagua uzito.