Uongo mdogo wa mwanzo wa uchumba: usemwe lini, usamehewe vipi

Kijana wa Moshi anamwambia mchumba wake kuwa ni mwongoza watalii mlimani, kumbe ni mpagazi. Binti wa Arusha anasema ana miaka 27, kumbe ana 31. Uongo wa namna hii husemwa siku za kwanza, mtu akitaka kupendwa kabla hajajulikana. Mara nyingi unasameheka, lakini si kwa sababu ni mdogo.

Cha kupima ni hiki: je, mwenzako ameshaamua jambo lolote kwa kuutegemea? Mchumba wa mpagazi akiwa amekopa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, kwa kuhesabu kipato cha mwongozaji, uongo umeshaingia mfukoni mwake. Msamaha hapo uanze na mpango wa kulipa deni, pole peke yake haitoshi.

Wakati wa kusema ni kabla mshenga hajapeleka barua ya posa. Barua ikishafika Kibosho au Marangu, baba yako mdogo anasimama mbele ya wazee na kurudia maneno yako kwa nia njema kabisa. Siku ukweli ukitoka, anayeaibika ni yeye, na kumwangukia mzee aliyeaibishwa ni kazi nzito kuliko kumwomba radhi mchumba. Kisha kuna Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, inayotaka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa. Umri huandikwa humo. Ukiandika 27 ilhali ni 31, umetoa taarifa ya uongo mbele ya mamlaka.

Sema ana kwa ana, mchana, mkiwa wawili. Usitume WhatsApp, usingoje wiki ya send-off. Anza na ukweli wenyewe: “Nilikuambia mimi ni mwongozaji. Si kweli, mimi ni mpagazi.” Sababu ije baadaye, tena kwa ufupi, kwani ikitangulia husikika kama utetezi. Na sema yote siku hiyo hiyo. Kinachoharibu zaidi ni kukiri kwa awamu: leo upagazi, wiki ijayo chumba cha Majengo ambacho kumbe ni cha kaka, mwezi ujao deni. Mwenzako anasamehe, halafu anagundua alisamehe nusu. Ikifika mara ya tatu, hata ukweli wako hauaminiki.

Wewe uliyedanganywa, hulazimiki kujibu papo hapo. Chukua hata wiki mbili. Omba kuona kinachothibitisha, kama kitambulisho cha taifa cha NIDA au cheti cha kuzaliwa, na uombe waziwazi; kupekua simu usiku kunaongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Usikimbilie kumweleza mama kabla hujaamua. Wewe utaombwa radhi na moyo utalainika, lakini yeye hakuombwa, atabaki na kinyongo miaka mingi. Ukishasamehe, jambo hilo lisirudi kila mnapogombania ada ya shule.

Yapo yasiyoitwa uongo mdogo hata kidogo: ndoa nyingine, mtoto aliyefichwa, maambukizi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka anayejijua ana VVU amweleze mwenzi wake mara moja. Na Sheria ya Ndoa inasema ridhaa iliyopatikana kwa ulaghai si ridhaa ya hiari. Tafadhali, usivumilie haya kwa kuogopa maneno ya watu.

Uchumba ukivunjika, zawadi zilizotolewa kwa sharti kwamba ndoa itafungwa zinaweza kudaiwa mahakamani, hivyo andikeni orodha mapema, kitu kwa kitu, na jina la aliyepokea. Mkiwa mmeshaoana na mgogoro umeshindikana nyumbani, nendeni Baraza la Usuluhishi wa Ndoa la kata. Lina mwenyekiti na wajumbe wawili hadi watano. Kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka bila hati ya baraza inayoonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana, kwa hiyo aliyedanganya aende akiwa tayari kueleza uongo wake wote pale pale, asisubiri kuulizwa.